Hodhi la Mnunuzi

Mtaani walimwita Stoo, na jina lenyewe lilimkaa kama kofia iliyopimwa kichwani pake. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi. Mali iliingia imefungwa ikatoka imefungwa, na kama kopo lilibonyea hata kwa bahati mbaya, siku hiyo Stoo hakula akashiba. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na maneno mazuri, akarudi nyumbani na tabia yake yote. Makochi yalibaki na nailoni yaliyokuja nayo kutoka dukani. Rimoti ya televisheni ilikaa ndani ya kimfuko. Na ingawa mtu huyu alikuwa amelala na kuamka na rangi za kila aina, kuta za nyumba yake zilikuwa nyeupe tupu, chumba hadi chumba.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mtu mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mtu huyo aliitwa Mnunuzi.

Stoo hakuwa na mpango wa kuuza nyumba. Hakuwahi kuwa nao. Ila alikuwa na hakika kwamba ipo siku, wao wakiwepo au wasiwepo, atatokea Mnunuzi, ataingia mlangoni, atatazama huku na huku, na siku hiyo nyumba isije ikaaibika. Kwa hiyo mkewe alipotaka jiko lipakwe rangi ya njano, Stoo aliuliza kwa upole, "Na kama Mnunuzi hapendi njano?" Binti yao alipokuwa mdogo akataka kubandika nyota za karatasi kwenye dari la chumba chake, jibu lilikuwa lile lile: gundi inaacha alama, na Mnunuzi ana macho. Binti akakua, akaolewa, akahamia mbali, na dari likabaki jeupe pe.

Mkewe alikuwa mkunga, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyemwita vinginevyo. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikilia. Alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, mwenye sauti ya kuamrisha iliyozoea kusikilizwa na watu walio katika hali ngumu. Huyo Mnunuzi alimvumilia kama mke anavyovumilia mkoromo wa mume. Wakati mwingine hata alimwandalia. "Niongeze kikombe?" angesema akimimina chai. "Au Mnunuzi leo haji?"

Stoo alicheka naye. Walipendana, hilo lazima lisemwe mapema. Walipendana kwa ile namna ya watu waliokwisha kugombana juu ya kila kitu na kubaki na vichache tu vya kugombania.

Kimoja katika hivyo kilikuwa hodhi.

Nyumba ilikuwa na bafu moja, na ndani ya bafu hilo mlikuwa na hodhi la kuogea, la chuma kizito, lenye kuta ndefu na weupe wa kung'aa, la kujilaza mtu mzima kwa urefu wake. Walilikuta humo walipohamia. Kusema kweli, hakuna aliyewahi kujilaza humo isipokuwa binti yao alipokuwa mdogo. Stoo mwenyewe alisimama ndani yake kama mtu aliyesimama mtumbwini, akajimwagia maji kwa mpira uliochomekwa kwenye bomba. Lakini kila Jumamosi alilisugua mpaka likang'aa, akarudi nyuma hatua moja, akalitazama kwa kuridhika.

Asubuhi moja, wakiwa mezani, Mkunga aliweka kikombe chini.

"Mzee, naomba tuling'oe lile hodhi."

Stoo alidhani hakusikia vizuri. "Tuling'oe?"

"Tuweke shawa ya kuingia moja kwa moja, bila kupanda kitu. Sakafu sawasawa, na kikalio kidogo ukutani. Magoti yangu siyo yale tena."

"Mama," Stoo alisema, na ukimsikia anamwita hivyo kwa kuvuta, ujue hotuba inakuja, "nyumba yenye bafu moja, halafu haina hodhi? Nani atainunua?"

"Kwani nani anaiuza?"

"Sasa hivi hakuna. Lakini wanunuzi ni watu wenye watoto. Mtoto watamwogesha wapi?"

"Nimezalisha mtaa mzima huu," Mkunga alisema. "Sijaona mtoto aliyedhurika kwa kuogeshwa kwenye karai."

"Karai haliongezi thamani ya nyumba."

"Wala magoti yangu, naona."

Alisema akicheka, na kwa kuwa alicheka, Stoo naye akacheka, akachukua kofia yake akaenda kwenye matembezi yake ya asubuhi. Kila siku alitoka wakati huo. Alizunguka mtaa, akanunua gazeti, akakaa na wastaafu wenzake mbele ya duka la vipuri wakaisahihisha serikali, kisha akarudi na kumkuta mkewe ameshaoga, ananukia sabuni, anapanga mambo ya siku. Siku hiyo pia ilikuwa hivyo, na Stoo akaamini jambo la hodhi limeisha.

Halikuisha. Juma lililofuata, mlango uligongwa, na aliyekuwa amesimama nje alikuwa Dalali, kijana wa mtaa wa pili, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa kama kadibodi. Nyuma yake walikuwa mume na mke vijana, mke akiwa na mimba kubwa.

"Shikamoo mzee," Dalali alisema, macho yakimkwepa. "Mama aliniambia tupite."

Stoo aligeuka. Mkunga alikuwa ameshatokea jikoni, anajifuta mikono.

"Karibuni, karibuni," alisema, kisha akamvuta mumewe pembeni na kushusha sauti. "Miaka yote hii tunamsemea Mnunuzi. Nimeona tumwite, aseme mwenyewe. Akisema hodhi halimhusu, fundi bomba anakuja. Akisema analitaka, nafunga mdomo wangu na hutasikia tena habari hiyo."

"Na hawa watu wanajua hatuuzi?"

"Wanajua mzee wa nyumba hajaamua. Si kweli hujaamua?"

 Ndani ya kifua cha Stoo kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Mnunuzi! Yupo sebuleni kwake, tena wawili, karibu watatu! Akaweka kola ya shati sawa, akaenda kuwaonyesha nyumba.

Mume alikuwa mpima macho katika duka la miwani, kijana mpole mwenye desturi ya kufinya jicho moja anapotazama kitu. Mke alikuwa mwalimu wa chekechea, na alishangaa kwa sauti, kama walimu wa chekechea wanavyoshangaa kila siku mbele ya wanafunzi wao. Walikaa kwenye kochi, nailoni ikalia chini yao, mwalimu akaangua kicheko kisha akaomba radhi.

"Kuta hizi," alimnong'oneza mumewe wakiwa ukumbini, lakini mnong'ono wake ulikuwa wa darasani, Stoo akausikia wote. "Kama zahanati. Hapa tungepaka kijani."

Chumbani mpima macho alifinya jicho akitazama zulia ambalo Stoo alikuwa hajawahi kulikanyaga na viatu. "Hili la kutoa," alisema. Jikoni makabati yalikuwa ya kubomoa. Dari la chumba kidogo, lile jeupe pe, mwalimu alilitazama mkono ukiwa tumboni. "Huku mtoto tutamchorea mawingu," alisema.

 Stoo alijiambia kwamba vijana ni vijana. Kisha akafungua mlango wa bafu.

"Mungu wangu!" mwalimu alipaza sauti. "Mume wangu, njoo uone. Njoo!"

Kabla hawajamzuia alikuwa amevua ndala, ameshika ukuta, amevuka mguu mmoja, halafu wa pili, na kujishusha polepole mpaka akalala chali ndani ya hodhi kavu, tumbo limesimama kama kilima. Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu ya mtu ambaye mgongo wake haujapumzika kwa miezi.

"Mimi hapa sitoki," alisema.

Kifua cha Stoo kilitanuka. Alimgeukia mkewe akiwa na uso wa mshindi, meno yote nje, na Mkunga, aliyeegemea mlango, aliinua mikono juu kama mtu aliyezidiwa nguvu.

"Mama," mwalimu alisema, macho bado yamefumbwa, "unafaidi wewe! Kila siku unajilaza humu?"

"Mimi?" Mkunga alicheka. "Mwanangu, mimi naogea nyuma kule, pa kufulia, kwenye ndoo. Miguu hainyanyuki kuvuka huo ukuta."

Alisema kama mtu anayesema leo kuna jua. Hakusema kwa kumchoma mtu, na wala hakumtazama mumewe. Hapo hapo alikuwa ameshainama kumsaidia mwalimu ainuke. "Haya, usivute tumbo. Geuka ubavu kwanza. Magoti. Sasa nishike bega, polepole, ndiyo hivyo." Akamwinua kwa ule ustadi wake wa zamani, na mwalimu alipokuwa anatafuta ndala zake, Stoo aliona mkewe akikunja uso kidogo na kushika goti lake, haraka, kabla mtu hajaona.

Mengine yaliyosemwa Stoo hakuyasikia vizuri. Alikuwa anafikiria kigoda. Pale nyuma, penye sakafu ya saruji na ukuta mfupi wa kufulia, kulikuwa na kigoda cha mbao ambacho yeye mwenyewe alikuwa akikiruka kila alipokwenda kuanika shati. Alidhani ni cha kukalia wakati wa kufua. Alikuwa amekiona pale muda mrefu sana.

Mchana Dalali alipiga simu, sauti imechangamka. Wale vijana wameipenda. Wako tayari kutoa bei nzuri, tena bila kuzungushana. "Hodhi ndilo limemaliza kazi, mzee. Ulikuwa sahihi kabisa."

"Haya," Mkunga alisema alipoambiwa. "Umeshinda. Nimefunga mdomo."

Na kweli akaufunga. Hakununa. Alimpakulia chakula, akamuuliza kama chumvi imetosha, akasikiliza taarifa ya habari. Lakini neno hodhi halikumtoka, na Stoo aligundua kwamba angekuwa radhi agombezwe mpaka masikio yazibe kuliko kushinda namna ile.

Asubuhi iliyofuata alivaa kofia, akaaga kama kawaida, akafika getini. Akasimama. Akageuka, akapita ubavuni mwa nyumba kwa kunyata, kama mwizi katika kiwanja chake mwenyewe. Nyuma kulikuwa na shuka limetundikwa kwenye kamba ya kuanikia, na nyuma ya shuka alisikia kopo likigusa ndoo.

"Nani huyo?" Ile sauti ya kuamrisha.

"Mimi."

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu."

 Maji yakamwagika kidogo.

"Unaogea hapa tangu lini?" Stoo aliliuliza shuka.

"Tangu magoti yalipogoma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilisema naomba tuling'oe hodhi."

"Hukusema unaogea nje kama mpangaji aliyefungiwa mlango!"

"Ningesema hivyo ungeling'oa siku hiyo hiyo," Mkunga alisema. "Nakujua. Ungening'olea mpaka ukuta, halafu ungetembea mtaani umeinamisha kichwa juma zima. Mimi nilitaka uling'oe kwa sababu nimeomba. Basi, kwa sababu nimeomba."

Stoo alisimama pale, kofia mkononi. Alimkumbuka mwalimu na kijani chake, mpima macho na zulia, yale makabati. Watu wazuri. Hakuwa na neno baya juu yao. Lakini nyumba aliyowatunzia miaka yote hawakuihitaji, na aliyekuwa anaishi ndani yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, nyuma ya shuka.

"Naingia," alisema.

"Ingia. Nani kakukataza?"

Alichukua kopo kutoka mkononi mwake, akachota, akagusa maji kwa kidole.

"Yamepoa haya."

"Yanapoa njiani kutoka jikoni. Mimi sitembei mbio."

Alimmwagia mgongoni taratibu, akapaka sabuni, akasugua. Mgongo aliujua vizuri, na doa lake jeusi chini ya bega la kushoto. 

"Usisugue kama hodhi la Jumamosi," Mkunga alisema hatimaye. "Mimi nitachubuka."

Stoo alicheka, na kicheko kikamtoka na kitu kingine, akajifuta uso kwa mkono wenye sabuni, macho yakawasha, ikabidi Mkunga ndiye ammwagie yeye maji.

Kabla ya saa sita alikuwa ofisini kwa Dalali, chumba kimoja chenye meza, feni, na ukuta uliojaa funguo zilizotundikwa kwenye misumari.

"Hatuuzi," alisema kabla hajakaa. "Na hodhi tunaling'oa."

Dalali alishika kichwa. "Mzee, kutouza sawa, nyumba ni yenu. Lakini hodhi liache! Nakwambia kwa kazi yangu. Nyumba ya bafu moja, familia nyingi zinauliza hodhi. Siku mkitaka kuuza mtajuta."

"Siku hiyo Mnunuzi atataka hodhi, au atataka shawa, au atataka avunje ukuta afuge kuku. Simjui. Jana nilidhani namjua, na kumbe kwenye nyumba nzima tumekubaliana kitu kimoja tu. Sasa kitu hicho apewe."

"Apewe nani?"

"Yule mwalimu. Mwambie aje alichukue hodhi. Bure. Popote watakapopata nyumba, watalifunga."

 Dalali alikuwa amezaliwa miguu ikitangulia, Mkunga alipenda kumkumbusha hilo kila alipotaka kumnyamazisha, lakini kwa jambo kama hili hakuna aliyekuwa amemwandaa. Akachukua simu.

Kung'oa hodhi hakukuwa jambo la mchezo. Fundi bomba alikuja, mwembamba kama bomba lenyewe, akafungua mifereji, akagonga vigae, akatangaza kwamba chuma hiki kiliwekwa humo kabla mlango haujajengwa. Mpima macho, aliyekuja na pikapu ya kuazima, alifinya jicho na kusema kwa macho tu anaona litapita. Halikupita. Walilisimamisha, likakataa. Walililaza ubavu, likamkwamisha Dalali, aliyekuja kusaidia kubeba, kati yake na sinki, shati lake la kadibodi likapata mkunjo wa kwanza wa maisha yake. Mwishowe fremu ya mlango ikatolewa. Stoo alisimama ukumbini akiongoza kama zamani za kiwandani: "Upande wa juu! Polepole! Msiburuze!" Na hodhi likakwaruza ukuta mweupe kutoka bafuni hadi mlango wa mbele, mstari mrefu mweusi.

Wote walisimama wakamtazama.

"Endeleeni," Stoo alisema. "Ni ukuta tu huo."

Mwalimu, aliyekatazwa kugusa chochote, alikuwa amekaa na Mkunga kwenye kivuli cha nyumba. Walikuwa wamepata kiwanja chenye nyumba ambayo haijakwisha, alisema, na fundi wao ameahidi kulijengea hodhi mahali pake. Akamshika Mkunga mkono. Aliuliza kama, siku ikifika, anaweza kupiga simu, si kwa kuzalisha, hospitali ipo, ila kwa kusikia tu sauti ya mtu anayejua.

"Piga saa yoyote," Mkunga alisema. "Huyu mzee wangu hata akikoroma, simu naisikia."

Kazi ya shawa ikaanza, vumbi likaingia hadi kwenye sukari. Stoo alichagua vigae visivyoteleza kwa kuvikanyaga dukani peku, kimoja baada ya kingine, wauzaji wakimtazama. Aling'ang'ania kikalio kiwe juu kiasi cha goti la mkewe, si cha goti la watu, akampima kwa uzi, mkewe akiwa amekaa anasoma gazeti. Kilipofungwa ukutani alitaka kuhakikisha kinabeba, akaketi juu yake na nguo zake zote, na fundi bomba, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta na hana hili wala lile, akafungua maji kujaribu. Mkunga alikuja mbio kwa kadiri magoti yalivyomruhusu, akamkuta mumewe amekaa wima chini ya mvua, kofia kichwani.

"Inafanya kazi," Stoo alisema kwa heshima zote.

Mkunga alicheka mpaka akashika fremu mpya ya mlango.

Jioni fundi alipoondoka na vyombo vyake, Mkunga alichukua taulo, akaingia, akafunga mlango. Stoo akakaa kwenye kiti ukumbini, akisikiliza. Maji yalianza, yakaendelea. Kisha ikaanza sauti: Mkunga anaimba. Ulikuwa wimbo wa dansi wa enzi zao za uchumba, na Stoo hakukumbuka kama aliwahi kumsikia akiimba ndani ya nyumba hii. Ubeti wa pili aliukosea maneno.

"Siyo hivyo!" Stoo aliita kupitia mlango. "'Usiniache' inakuja kabla ya 'nakungoja'!"

"Mzee, nenda kachemshe chai!"

"Maji ni ya moto?"

"Ya moto! Nenda!"

Akarudia ubeti ule ule na makosa yale yale, kwa sauti kubwa zaidi, na Stoo akaenda jikoni kuchemsha chai.